Mama Amesema Pasi, Moto

Mimi na mke wangu tulikuwa hatuongei. Hatukugombana, maana ugomvi una mwanzo na mwisho. Tulinuniana tu, ile ya kupishana koridoni mmoja anaangalia dari, mwingine anaangalia simu iliyoisha chaji. Mawasiliano yote yalipitia kwa mtoto wetu wa darasa la kwanza. Yeye ndiye tarishi. "Mwambie baba yako taka hazijatolewa." "Mwambie mama yako nimesikia." Na kwa kuwa tarishi huyu halipwi, alianza kufupisha ujumbe.

Kipindi hicho mimi nilishapunguzwa kazini, mwenzangu kapandishwa cheo. Yeye anatoka asubuhi na funguo za gari, mimi nabaki na kapu la nguo chafu. Kichwa cha nyumba nilikuwa bado mimi, hilo halina mjadala. Ila kichwa kilikuwa kinafua, kinadeki na kutafuta soksi pea zake. Jamaa wakipiga simu mchana nawaambia niko kwenye kikao.

Basi asubuhi moja bibie ana mkutano mkubwa ofisini. Mtoto akaniletea gauni, analiburuza. "Mama amesema pasi. Moto."

Mtu mzima ukiambiwa moto, utafanyaje? Pasi ina nukta: moja ni nyuzi joto kama 110, mbili 150, tatu 200. Nikazungusha hadi tatu. Ndani ya gauni, ubavuni, kuna kilebo chenye picha ya pasi na nukta moja, lakini nani anasoma lebo za watu? Poliesta haina ugomvi na mtu mpaka uizidishie moto. Haikutoa hata moshi wa maana. Ilijikunja, ikang'aa, halafu ikanasa. Nilipoinua pasi, gauni likainuka nayo, likavutika kama gundi. Pale kifuani likabaki dirisha lenye umbo la pasi, ncha inaelekea shingoni, na kupitia dirisha hilo nikamwona mke wangu kasimama mlangoni na taulo.

"Wewe mwanaume! Nilisema moto mdogo!"

"Mimi nimeambiwa moto!"

Wote tukamgeukia tarishi. Alikuwa anafunga kamba za viatu kwa umakini wa mtu asiyehusika. "Mdogo ilidondoka njiani," akasema.

Hapo ndipo tukaongea, tena ana kwa ana. Sauti yake nilikuwa nimeikosa, ingawa si kwa kiwango kile. Akasema nafanya kazi za nyumbani kwa uso wa mfungwa. Nikamwambia na yeye akirudi jioni anapitisha kidole kwenye kabati kutafuta vumbi, kama mkaguzi.

"Nimejifunza kwa nani?"

Nikaanza kubandua poliesta kwenye pasi.

Yeye akafungua kabati langu, akachomoa shati jeupe ninalolitunza kwa ajili ya usaili, akakunja mikono, akafunga mkanda, huyo akaondoka. Lilimkaa kuliko linavyonikaa mimi, ila hilo nalisema hapa tu.

Siku zikapita, nami nikaitwa kwenye usaili. Kununa kulisharudi, kwa hiyo nikamtuma tarishi: "Mwambie mama yako naomba shati langu."

Nikasikia minong'ono chumbani, kicheko, kisha vishindo vya miguu.

"Mama amesema shati ni chafu. Halafu anauliza, kwani humu ndani anayefua ni nani?"