Saa 300 za Kusubiri Amplifaya Ifunguke

Mwaka jana, nilipoinunua amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti ya muziki, ambayo nilikuwa nimeiwekea akiba kwa miaka minne, muuzaji alinikabidhi risiti, kitabu cha maelezo na onyo. "Mzee," aliniambia, "usiihukumu kabla haijacheza saa 300. Sasa hivi bado imejifunga. Iache icheze, itafunguka yenyewe." Usiku wa kwanza, sebuleni kwetu South B, Nairobi, besi ilikuwa nyembamba kama ya redio ya jikoni, na sauti ya mwimbaji, ambayo ilipaswa kusimama wima katikati ya spika mbili, ilitawanyika ukutani kama moshi wa makaa. Sikushtuka, kwa sababu nilikwisha kuambiwa kwamba itafunguka.

Kwa siku 19 niliiacha icheze mchana kutwa nikiwa kazini, na kila jioni niliporudi nilikaa kwenye kiti kilekile nikasikiliza santuri ileile ya bendi ya Les Wanyika niliyoinunua Soko la Kenyatta. Kila jioni nilisikia nafuu. Nilimwambia mke wangu kwamba besi imeanza kujitokeza. Naye akanijibu kwamba yeye hasikii tofauti yoyote, ila tokeni za stima zinakwisha haraka kuliko zamani. Siku ya 20 mpwa wangu, anayesomea ufundi wa umeme, alipita kutusalimu, akainama nyuma ya kabati kwa udadisi tu, kisha akauliza: "Mjomba, mbona waya mwekundu umeingia kwenye tundu jeusi?" Spika ya kushoto nilikuwa nimeiunga kinyume kwa mikono yangu mwenyewe. Koni ya spika moja ilipokuwa ikisukuma hewa mbele, ya pili ilikuwa ikiivuta nyuma, hivyo besi za spika mbili zilikuwa zinafutana. Tulizima, tukageuza nyaya mbili, tukawasha, na gitaa la besi likaingia chumbani kama mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni wiki tatu akibisha hodi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi na imani hii ya kuzoeza mashine kwa mamia ya saa. Ugomvi wangu mkubwa haumo katika uongo au ukweli wake, bali katika kazi inayofanya nyumbani kwa mtu: humfanya mnunuzi avumilie kosa ambalo angelitafuta na kulirekebisha siku ya kwanza. Waya uliogeuzwa, spika iliyobanwa kwenye kona, amplifaya yenye hitilafu ya kiwandani, vyote hupewa jibu moja, yaani subiri. Na ukisubiri saa 300, huku unasikiliza saa tatu kila siku kama mtu mwenye kazi na familia, siku 100 zitapita, na muda wa kurudisha bidhaa dukani utakuwa umekwisha zamani.

Hata hivyo, nisiwe mkaidi, kwa maana yapo mambo yanayobadilika kweli. Amplifaya ya transista, hasa ile ya daraja A ambayo hupitisha mkondo mkubwa wa umeme ndani ya transista zake hata pasipo muziki, huhitaji nusu saa hadi saa nzima ili vyuma vyake vipate joto na mkondo huo utulie pale mtengenezaji alipokusudia. Hilo hutokea kila unapoiwasha, iwe mpya au ya miaka 10, kwa hiyo ni kupasha moto tu. Amplifaya ya valvu, yaani zile taa za kioo za kukuza sauti, ina sababu zaidi: valvu mpya hubadilika kidogo katika makumi ya saa zake za mwanzo, na mwenye mashine ambayo mkondo wake hurekebishwa kwa mkono anapaswa kuupima siku ya kwanza, kisha aupime tena baada ya wiki chache. Kapasita za elektroliti, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi chaji ya umeme, nazo zina tabaka la oksidi juu ya alumini ambalo hudhoofika kifaa kikikaa stoo miaka mingi bila umeme, kisha hujijenga upya volti ikirudi. Lakini kapasita mpya hutoka kiwandani tabaka hilo likiwa tayari. Zaidi ya hayo, spika, ambayo ni kifaa cha kutikisika, hulegea kweli: kitambaa kigumu kinachoishika koni hulainika katika saa za mwanzo za kazi, na jambo hilo hupimika.

Kinachobaki, yaani amplifaya ya transista inayodaiwa kuwa "kali" Januari na "tamu" Machi, ningependa kukiona kwenye kipimo. Njia ya kupima ipo. Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani Bob Carver aliliambia jarida la Stereophile kwamba angeweza kuifanya amplifaya yake ya bei ya wastani isikike sawa na amplifaya ya bei ghali mno ambayo wao wangeichagua. Alizipa mashine mbili muziki mmoja, akatazama kinachobaki baada ya kuondoa sauti ya moja kwenye sauti ya nyingine, akaendelea kurekebisha yake mpaka mabaki hayo yakawa madogo sana, na wahariri hawakuweza kuzitofautisha kwa masikio. Kwa njia hiyohiyo mtu angeweza kuchukua amplifaya mbili za aina moja, moja ikiwa imetoka kwenye katoni sasa hivi na nyingine ikiwa imecheza saa 300, akaondoa sauti ya moja kwenye sauti ya nyingine. Wauzaji wanaotuomba subira wangeweza kufanya jaribio hilo alasiri moja tu, wakatuonyesha.

Kuhusu masikio, mimi ni shahidi dhidi ya nafsi yangu. Nilisikia besi ikiongezeka kwa siku 19 huku waya ukiwa vilevile kinyume. Sikio huzoea, na kumbukumbu yake ya sauti ni fupi kuliko tunavyopenda kukiri. Isitoshe, ukiongeza sauti kidogo tu, chini ya desibeli moja, hutasema imeongezeka bali utasema imekuwa nzuri zaidi.

Basi nguvu ambazo mtu angezitumia kusubiri azitumie kusimika, na katika Nairobi usimikaji huanza na stima. Umeme wetu ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine nyingi nzuri zinazofika hapa kwa mikono ya watu binafsi hutoka Japani, ambako ni volti 100, au Marekani, ambako ni 120 na mizunguko 60. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma kabla hujagusa plagi, kwa sababu ile ya volti 120 ukiichomeka ukutani moja kwa moja utainunua mara moja na kuizika siku hiyohiyo. Hata ukitumia transfoma ya kupunguza volti, kumbuka kwamba haibadilishi mizunguko, na transfoma ya ndani iliyoundwa kwa mizunguko 60 pekee huweza kupata joto zaidi na kuvuma ikifanya kazi kwa mizunguko 50. Kisha kuna stima kupotea na kurudi. Kinachoua vifaa mara nyingi ni kule kurudi, na kile kifaa tunachokiita fridge guard, kinachosubiri dakika chache mpaka volti itulie, kinaifaa amplifaya kama kinavyolifaa friji, mradi kiwe na uwezo wa kuhimili mkondo mkubwa ambao transfoma nzito huuvuta pale unapoiwasha.

Ukisikia mngurumo usiokoma, usiseme mashine bado changa. Kwenye fleti mkosaji wa kawaida ni waya wa dishi la pamoja la juu ya paa, unaoingia kwenye dekoda ukiwa na njia yake ya ardhi (earth), ambayo hukutana na ile ya soketi na kufanya kitanzi kinachoimba. Chomoa waya huo wa dishi. Mngurumo ukinyamaza, umempata. Usikubali fundi akukatie waya wa ardhi kwenye plagi ili "kuondoa kelele", kwani waya huo upo ili chuma cha mashine kisikuue.

Joto nalo tunalichukulia kwa wepesi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya sita, na amplifaya isiyo na feni hupoa kwa hewa hiyo tu. Iache nafasi ya sentimita 10 au 15 juu yake, usiifungie ndani ya kabati lenye vioo, na (hapa najua naingilia mambo ya nyumba za watu) uondoe kitambaa cha kushonwa. Mama yangu alikuja Agosti, akaisifu kwa urembo wake, na nilipotoka jikoni nikakuta ameshaifunika kwa kitambaa cheupe chenye maua, matundu yote ya joto yamezibwa. Sikumlaumu, nilikihamishia kitambaa juu ya runinga.

Kufunga nyaya ni kazi ya dakika 10 inayostahili 40. Kila kitu kiwe kimezimwa; nyuzi za shaba zisokotwe zisiache hata unywele mmoja unaogusa tundu la pili; nyekundu kwa nyekundu, kushoto na kulia. Mwenye valvu asiwashe kamwe kabla spika hazijaungwa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti huweza kuharibika ikifanya kazi bila mzigo. Chanzo cha muziki kiwashwe kwanza na amplifaya mwisho, na wakati wa kuzima amplifaya itangulie. Baada ya hapo tazama chumba chenyewe: sebule zetu za vigae, kuta za mawe na madirisha mapana hurudisha sauti kama bafu, na zulia nene katikati ya sakafu litafanya kazi ambayo hakuna saa 300 zitakazoifanya.

Kuhusu zile tokeni, nilikaa nikapiga hesabu. Mashine yangu ni ya daraja A, inakula takribani wati 250 iwe inaimba au imenyamaza, kwa hiyo saa 300 ni uniti 75 za stima, karibu zote zikiwa zimegeuka joto la kupasha sebule isiyo na mtu.

Mwezi wa pili muuzaji alinipigia simu kwa ukarimu wake kuniuliza kama imefunguka. Nikamweleza habari ya waya mwekundu na mpwa wangu. Alicheka kwa muda mrefu, kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesema kweli anayoiamini, kwamba sasa nianze kuhesabu upya, kwa kuwa nyaya nazo, zikigeuzwa, huhitaji saa zao.