Mshipi si kosa

Jumanne jioni binti wa kaka yangu, yuko darasa la sita, alinifuata jikoni na daftari la Kiingereza, macho mekundu. Zoezi lilikuwa la kueleza kwa Kiswahili maana ya maneno yaliyopigiwa mstari. Namba saba ilikuwa sentensi ya mvuvi anayevuta "line" yake kutoka baharini. Mtoto kaandika "mshipi". Mwalimu kapiga alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni kaandika jibu sahihi: mstari.

"Shangazi, babu si anauita mshipi?"

Mvuvi anavuta mstari kutoka baharini. Isome kwa sauti, halafu uniambie kama umeona chochote. Mimi sikuona ngalawa, sikuona ndoana, wala samaki. Leo ni siku ya nne na jambo hili bado linanichoma.

Babu yake, yaani baba yangu, amevua kwa mshipi pale Sahare, hapa Tanga, tangu kabla sijazaliwa. Mshipi wake ameuzungushia kipande cha ubao alichokichonga mapengo pande zote mbili ili nailoni isiteleze. Mwishoni kuna chubwi ya risasi ya kuuzamisha, na juu yake kidogo ndoana mbili. Akishaushusha haangalii maji. Anaulaza juu ya kidole cha shahada na kutulia, maana habari zote zinapitia hapo. Samaki aina ya changu akidonoa anajua ni changu. Chewa akimeza na kurudi kwenye jiwe lake, anajua pia, na anajua ana muda mchache kabla mshipi haujakatika. Kidole hicho kina mfereji katikati, ngozi imekuwa ngumu na kung'aa kama kokwa ya ukwaju. Utotoni nilidhani wazee wote wana kidole cha namna hiyo.

Mwaka 2019, tulipotakiwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, nilimpeleka mwenyewe kwa wakala. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akakifuta kwa ncha ya kanga yangu, ikakataa. Yule kijana alikuwa mpole, akajaribu kidole kimoja baada ya kingine, na watu nyuma yetu kwenye foleni wakaanza kuguna. Mkono wa kulia wote ulikataa. Mwishowe gumba la kushoto ndilo lililosoma, na baba akatoka pale ameinamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa hajulikani. Tuliwahi, kwa sababu ilipofika tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa. Tangu siku ile najua kwamba mshipi umezifuta alama za vidole vya baba yangu. Mshipi na laini, ambavyo Mwingereza anaviita kwa neno lilelile moja, viligombana kwenye kidole kimoja, na mwanafunzi wa darasa la sita hana shida kuvitofautisha.

Neno lenyewe ni pana mno, nakubali. Kamba ya kuanikia nguo ni "line". Mshororo wa shairi ni "line". Maneno ya mwigizaji, makunyanzi ya uso, ukoo wa kifalme, njia ya reli, vyote anaviita hivyohivyo. Foleni Mmarekani anaiita "line", Mwingereza ana neno lake jingine. Ndiyo maana haliwezi kuwa na jibu moja la kukaririwa. Lugha yetu imekipa kila kitu jina kulingana na kazi yake. Tena ukifunga ndoana nyingi kwenye kamba moja ndefu, wavuvi wanayo dhulumati, na wala hawaichanganyi na mshipi.

Halafu kuna hili, ambalo mwalimu angelitazama kwenye kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza asingepiga ile alama. "Line" imetoka kwenye Kilatini, linea, uzi wa kitani, kwa kuwa linum ni kitani chenyewe. Uzi ndio uliotangulia. Mstari wa rula ulizaliwa na uzi, kwa sababu uzi ukivutwa unanyooka, na fundi mwashi mpaka leo anafunga uzi kona hadi kona kabla hajapanga kozi ya tofali. Kwa hiyo mtoto aliyeandika mshipi alikuwa karibu na shina la neno kuliko aliyemsahihisha.

Na haya yanamkuta mtoto wa Tanga! Kitani na katani ni neno moja la Kiarabu lililotufikia kwa sura mbili, na katani, yaani nyuzi za mkonge, ndiyo iliyojenga mji huu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, huko Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza hapa Tanga, ukafika Moshi mwaka 1911. Mashamba na reli, singa zilizoanikwa juani na kamba zilizofunga meli za watu, ndivyo babu zetu walivyokula. Watoto wa mji wa nyuzi ndio tunawaambia wafute uzi waandike mstari.

Sikatai kwamba mwalimu ana daftari nyingi za kusahihisha usiku, na huenda jibu alilikuta kwenye mwongozo. "Mstari" nao una mahali pake: tulipokuwa nchi za mstari wa mbele kwenye ukombozi wa kusini mwa Afrika, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Laini ya simu nayo imeshaingia, ingawa tulikuwa na laini yetu ya mkate na kitambaa kabla yake. Sina ugomvi na maneno hayo. Nina ugomvi na mtoto kutoka darasani akiamini kwamba neno la babu yake ni la makosa. Usiku ule alilifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka.

Jana nilimweleza baba. Alinyamaza, akaenda ukumbini, akarudi na ule ubao wake. Akapima kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa, pima moja, akakata, akafunga ndoana iliyokatwa ncha isije ikamchoma mtu, akampa mjukuu wake.

Jumatatu naenda naye shuleni kabla ya kengele. Nitamsalimia mwalimu vizuri, nitampa pole ya kazi, maana anaistahili. Kisha mtoto atautoa ule mshipi mfukoni, nami nitaomba alama ya namba saba irekebishwe, mbele yake.