Njiwa wa Shimo la Tisa

Wanaosema kwamba gofu ni mchezo wa wazee waliokosa shughuli hawajawahi kujaribu kuzungusha mabega nyuzi 90, huku nyonga zikiruhusiwa kwenda nusu ya hapo tu, na kichwa kikitakiwa kutulia muda wote huo. Mimi ni mhasibu mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza juu ya kiti cha kuzunguka. Nilipoanza gofu ndipo nilipofahamu kwamba miaka yote ile kilichokuwa kikizunguka ni kiti.

Habari hiyo niliipata kwa kedi wangu, kijana mwenye adabu anayenibebea fimbo na anayejua kugeukia upande wa Mlima Meru kila anapozidiwa na kicheko. "Mzee wangu, usinielewe vibaya," aliniambia, "lakini wewe huzunguki. Unainama, halafu unasimama."

Nilikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, naye akanieleza kwamba pingili za kiunoni hazikuumbwa kwa kuzunguka sana. Kazi hiyo ni ya nyonga na ya mgongo wa juu, pale penye mbavu, na sehemu hizo zikikaza kwa kukaa sana, kiuno hulazimika kubeba zamu isiyo yake, kisha hulalamika usiku. Akaniandikia yoga. Nilikuwa nimetarajia vidonge.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwalimu alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wangu, ambaye alinipa shikamoo kwa unyenyekevu mkubwa kabla ya kuanza kunitesa. Pozi la mtoto nililimudu, kwa kuwa ni la kulala kifudifudi huku umekunja magoti. Pozi la njiwa ndilo lililonishinda. Unatakiwa kukunja mguu mmoja mbele yako mpaka paja lilale mkekani, na kuunyoosha mwingine nyuma. Paja langu halikulala, bali lilibaki likining'inia hewani, nami nikiwa nimeegemea mikono yote miwili na kutokwa jasho kwenye kope.

"Baba, achilia tu mwili," alisema mwalimu.

"Mwanangu, nikiachilia nitaanguka."

"Baba, uko inchi nne kutoka chini."

Pamoja na hayo, haki itendeke: yoga ilifanya kazi. Baada ya miezi kadhaa nyonga zilianza kufunguka, fimbo ikaanza kufika nyuma ya bega nilikotaka ifike, na kedi, ambaye zamani alikuwa akiusubiri mpira wangu karibu kiasi cha kuweza kusalimiana nami, akahamia mbali zaidi. Hapo ndipo nilipoingiwa na kiburi cha viungo, ugonjwa ambao kwa mtu wa umri wangu ni hatari kuliko baridi yabisi. Nilianza kupasha mwili moto mbele za watu kwa mtindo wa Mhispania Miguel Ángel Jiménez, yule anayezungusha nyonga na magoti kwa utulivu kana kwamba hakuna anayemtazama. Tofauti ni kwamba yeye ameshinda mashindano mengi, ilhali mimi nilikuwa na handikapu ya 24, yaani nilihesabiwa kuhitaji mapigo kama 24 zaidi ya kiwango cha uwanja.

Siku ya mashindano ya mwezi tulifika shimo la tisa, ambalo kwa bahati mbaya linatazamana na baraza ya klabu, saa ambayo watu walikuwa wanakula. Mpira wangu ulikuwa umetua juu ya grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, kwa pigo la tatu, kama mita mbili kutoka shimoni, mteremko ukielekea huko huko. Nikamkumbuka Camilo Villegas wa Kolombia, aliyeshinda mashindano mawili mfululizo ya PGA Tour, ligi ya gofu ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2008 na ambaye huitwa Spider-Man kwa namna anavyosoma mteremko: hushuka kwa mikono na mguu mmoja mpaka uso unakaribia nyasi, huku mguu mwingine ukinyooka hewani nyuma yake. Kwangu hiyo ilikuwa njiwa aliyepata safari tu.

Nilishuka vizuri. Niseme zaidi: nilishuka kwa umaridadi, na barazani niliwasikia watu wakinyamaza. Kidevu changu kilikuwa nyuma kidogo ya mpira, nikaiona vizuri namba 3 iliyochapwa juu yake, na sisimizi mmoja akiizunguka. Ndipo msuli wa nyuma ya paja la mguu ulioinuka ukakaza. Msuli huo hupenda kukaza hasa unapofanyishwa kazi ukiwa umejifupisha, na wangu ulikuwa umetembea mashimo manane juani kwa chupa moja ya soda. Sikuweza kuushusha mguu wala kujiinua. Nikafanya kile nilichofundishwa, yaani kupumua kwa kina kupitia puani, koo likibanwa kidogo ili pumzi itoe mvumo.

Kwa walioko barazani, mvumo huo ulikuwa wa mtu anayekata roho. Daktari mmoja wa watoto aliruka ukingo wa baraza akiwa bado ameshika uma, akakimbilia grini na viatu vyake vya mjini, huku mtunza uwanja akimkimbiza na kupiga kelele kuhusu visigino. Mimi sikuwa na hofu ya kufa. Nilichoogopa ni ule uma. Nilipojaribu kugeuza shingo nione umefika wapi, mikono ikaniishia nguvu, kidevu kikatua juu ya mpira, na mpira ukaondoka polepole, ukafuata mteremko, ukatumbukia.

Baraza nzima ilishangilia. Kanali mstaafu niliyekuwa nikicheza naye hakushangilia. Alisubiri daktari aunyooshe mguu wangu, kisha akatamka kwamba kwa Kanuni ya 13.1d mchezaji akiusogeza mpira juu ya grini kwa bahati mbaya hapati adhabu, neema ambayo kabla ya 2017 haikuwapo, ila mpira lazima urudishwe mahali pake. Kedi akaurudisha, akageukia mlimani, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Nilipiga nikiwa nimesimamia mguu mmoja, nikapita shimo. Nikapiga kutoka upande wa pili, nikapita tena. Kanali aliandika sita kwenye kadi yangu, akaitazama kidogo, kisha akaniuliza kwa heshima zote kama safari ijayo nisingependelea kuiacha fimbo nyumbani, maana kidevu kilihitaji pigo moja tu.