Ushuru wa saa nitalipa, ila nionyesheni hesabu

Juzi mtu wa posta kanigongea mlango hapa Bremen kuniletea saa yangu, Seiko ya mtumba kutoka Japani. Kabla sijaishika kanipa karatasi ya forodha. Saa pamoja na nauli: euro 200. Ushuru: senti 80. Umoja wa Ulaya hutoza saa ya mkono asilimia 4.5, lakini umeweka kikomo, ushuru wa saa moja ya mkono hauvuki senti hizo. Kisha VAT asilimia 19, euro 38.15. Chini kabisa, kwenye mstari wake, euro 6 za kampuni ya usafirishaji kwa kunitangulizia malipo. Hizo 6 zimeniudhi, maana ni zaidi ya mara saba ya ushuru wenyewe. Lakini najua ni za nani.

Mwaka jana nilimtumia mjomba saa ya namna hiyohiyo Tanga, risiti halisi ikiwa ndani. Hesabu nilishapiga: kwetu Afrika Mashariki saa ya mkono ni asilimia 25, juu yake VAT ya Tanzania 18, na hiyo VAT inakokotolewa kwenye bei ukishajumlisha bima, nauli na huo ushuru, yaani hata hela ya kusafirishia nayo inakatwa kodi. Bado tozo ya reli na vijiada vingine. Karibu nusu ya thamani. Kwa saa ya shilingi 580,000 nikatenga laki tatu. Binamu alipokwenda kuichukua kwa kampuni ya usafirishaji akanipigia: "Shikamoo kaka. Wanasema laki nne na sitini." Za nini? "Za kutoa mzigo." Nikamwambia aombe mchanganuo. Akajibiwa mchanganuo ndio huo, na kila siku mzigo unapolala pale gharama ya stoo inapanda. Tukalipa.

Najua yanayofuata. "Huyo kaenda Ulaya, sasa anatusimanga." Simsimangi mtu. Kiwango cha kodi sina ugomvi nacho, VAT ya huku inaizidi yetu. Nataka tu kujua, katika laki nne na sitini, ngapi zimekwenda serikalini na ngapi zimebaki kaunta.

"Si ungekata rufaa?" Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakupa siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya, na kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Muda wote huo stoo inalipiwa na nani? Na utapinga hesabu gani, wakati hukupewa hesabu?

Wengine: "Ungeandika zawadi, dola 20, yakaisha." Hawa ndio wananichosha kabisa. Ofisa wa forodha amekwisha kuona hizo dola 20 kwenye kila aina ya mzigo, ndiyo maana risiti yangu ya kweli haiamini, anakisia bei yake. Tumemzoesha wenyewe kutotuamini. Na saa ikipotea njiani, utalipwa fidia ya dola 20 hizohizo ulizoandika.

"Basi mpe mtu aje nayo." Ndivyo tunavyofanya sote! Kila anayepanda ndege Frankfurt kabeba saa ya shemeji, simu ya wifi, viatu vya baba mkwe, na hazina haipati hata senti kutoka kwa watu ambao wangelipa kama wangejua watalipa kiasi gani.

Wala msidhani kila cha huku nakiona bora. Yule mtu wa posta alitaka noti taslimu mlangoni, nikaanza kupekua droo kutafuta chenji. Nyumbani ukipewa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali unalipa kwa simu hapohapo ulipo, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia hujairudisha simu mfukoni. Kwa hilo Wajerumani waje wajifunze kwetu, na huwa nawaambia. Sasa kama serikali imeweza kufika hapo, kampuni ya usafirishaji inaachiwaje kuichanganya kodi na gharama zake, ikatoa jumla moja tu? Mteja apewe nakala ya tathmini ya forodha. Gharama zao ziwe kwenye karatasi yao, na zitangazwe kabla mtu hajatuma mzigo.

Anayesema hayo ni mambo ya Wazungu akamuulize mjomba. Amekuwa karani wa reli pale Tanga mpaka anastaafu, na hakuna mzigo uliopita mkononi mwake bila mwenyewe kuandikiwa stakabadhi, nauli kivyake, stoo kivyake.