Umebaki kazini, wenzako wamepunguzwa: usubiri au uanze kutafuta?

Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ofisi nyingi za miradi ya afya Tanzania na Kenya ziliamriwa kusitisha kazi ndani ya siku chache. Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na kufikia Julai 1 shirika lenyewe likawa limefikia mwisho. Walioachishwa wamezungumzwa, na wanastahili. Waliobaki hawazungumzwi sana: mhasibu anayefunga hesabu za mradi uliokufa huku akisimamia ule mmoja uliosalia, afisa takwimu aliyekuwa na mkoa mmoja na sasa ana mitatu kwa mshahara uleule. Watu wa nyumbani wanamwambia ashukuru Mungu. Yeye usiku anajiuliza kama aanze kutuma maombi kwingine au atulie.

Naona wengi wanaojiuliza hivyo wanaanza kupima mahali pasipo na jibu. Wanapima kama bosi anawapenda, kama walibakizwa kwa uchapakazi wao, kama salamu za asubuhi zimebadilika. Cha kupima kwanza ni sababu ya kupunguza watu: fedha zimekatika kwa nini, na wa kuzirudisha ni nani?

Mfano mzuri uko Kahama, kwenye migodi miwili iliyokuwa chini ya kampuni moja. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia (mchanga wenye madini) nje ya nchi, na Septemba mwaka huo kampuni hiyo, Acacia, ikatangaza kupunguza shughuli za mgodi wa Bulyanhulu, hatua iliyogusa ajira za watu wapatao 2,000 wakiwemo wa wakandarasi. Aliyebaki pale alikuwa kwenye mgodi ambao dhahabu yake ilikuwa bado ardhini. Kilichokwama kilikuwa mgogoro kati ya serikali na mwekezaji, na migogoro ya namna hiyo huweza kumalizwa mezani. Barrick, aliyekuwa mwanahisa mkuu wa Acacia, aliinunua yote mwaka 2019, Twiga Minerals, kampuni ya ubia kati yake na serikali, ikaundwa, na kufikia 2021 Bulyanhulu ilikuwa imerudi kuchimba. Buzwagi, mgodi wa jirani, mambo yalikuwa tofauti kabisa: mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ilikuwa inaisha, na mwaka huohuo wa 2021 mgodi ulifikia tamati. Hakuna mazungumzo yanayoweza kurudisha dhahabu iliyokwisha kuchimbwa. Wafanyakazi wawili wenye ujuzi sawa na cheo sawa, mmoja Bulyanhulu na mwingine Buzwagi, walihitaji majibu mawili tofauti, na hakuna hata mmoja ambaye jibu lake lilitegemea bosi anamwonaje.

Hata hivyo, upande wa kubaki una hoja nzito kuliko wanavyokubali wale wanaoshauri kila mtu aondoke. Ukihama unakuwa mgeni. Waajiri wengi wanapopunguza watu hutazama, pamoja na ujuzi, nani aliingia mwisho. Ndivyo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inavyotaka pia, kwamba muda wa utumishi uwe miongoni mwa vigezo. Kwa Tanzania kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui mpaka liwapate: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini. Mtu mwenye miaka minane mahali fulani, akikimbilia ofisi mpya kwa hofu, anatoka kwenye kinga kamili na kukaa nusu mwaka bila kinga hiyo. Kama ofisi mpya nayo inategemea mfadhili yuleyule au soko lilelile, amehamisha hatari tu, tena akaiongeza.

Sasa fedha, kwa sababu hapa ndipo hesabu nyingi zinakosewa. Kuna wanaobaki wakisubiri kwa makusudi nao wapunguzwe, wakiamini watalipwa vizuri. Tuchukue mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,300,000 na miaka minane ya utumishi Tanzania. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika. Ukigawa mshahara kwa siku 26 unapata 50,000 kwa siku, yaani 350,000 kwa mwaka, na kwa miaka minane 2,800,000. Ni mishahara miwili na kidogo. Tena sheria inaweka ukomo wa miaka kumi, kwa hiyo hata aliyetumikia ishirini kima chake cha kisheria kwa mshahara huo hakivuki 3,500,000, labda mkataba wa chama cha wafanyakazi au sera ya kampuni iwe inatoa zaidi. Akijiondoa mwenyewe hapati kiinua mgongo hicho, ni kweli. Lakini akipata kazi inayomwongezea 250,000 kwa mwezi, ndani ya mwaka atakuwa amekirudisha.

Wengine hujumlisha fao la kukosa ajira la NSSF, lililokuja na mabadiliko ya 2018 yaliyoondoa lile fao la kujitoa. Ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18, na aliyeacha kazi kwa hiari hahesabiwi. Kulitia fao hilo kwenye faida za kusubiri si sahihi, kwa sababu linalipwa kwa kukaa bila kazi. Atakayelipokea lote ni yule ambaye kwa nusu mwaka amekosa theluthi mbili za kipato chake.

Mwenye mkataba wa muda maalumu, kama walivyo wengi wa miradi, hali yake ni ngumu zaidi. Mkataba ukiisha kwa tarehe yake, kiinua mgongo hicho cha kisheria hakipo. Mwajiri hana haja hata ya kumpunguza. Anaacha tarehe ifike. Mtu huyo akiniambia anasubiri alipwe, ningemwomba asome mkataba wake leo, sehemu ya malipo ya mwisho, neno kwa neno.

Kenya hesabu inabadilika. Kule kima cha chini ni siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, bila ukomo wa miaka. Miaka minane ni siku 120, miezi minne hivi ya mshahara. Miaka ishirini inakaribia miezi kumi. Mkenya mwenye utumishi mrefu ana sababu halisi ya kutojiuzulu haraka, na ushauri unaomfaa Mtanzania unaweza kumtia hasara.

Kuna gharama nyingine ya kubaki ambayo haimo katika sheria ya kazi, nayo ni udhamini wa SACCOS. Mwenzako anapopunguzwa, makato ya mkopo wake kwenye mshahara yanakatika. Chama kinachukua akiba zake, na zisipotosha kinawageukia wadhamini, ambao kwa kawaida ni wale waliobaki na mshahara. Mtu aliyeponea barua ya kupunguzwa anajikuta analipa deni la asiye na kazi, na hawezi hata kumlaumu. Jambo hili linauma kwa sababu udhamini ulikuwa tendo la upendo. Kabla ya kuamua lolote, nenda ofisi ya SACCOS uombe orodha ya uliowadhamini na salio la kila mmoja. Ukitaka kuondoka wakati mikopo hiyo haijaisha, huenda akiba yako ikazuiwa, na ni heri ulijue sasa kuliko siku ya kukabidhi ofisi.

Kwa upande mwingine, wapo wanaong'ang'ania kazi kwa kuhofia michango ya pensheni. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Miezi 180 ya kuchangia NSSF ya Tanzania, inayohitajika ili kupata pensheni, inahesabiwa kwa mwanachama, hata akibadili mwajiri. La kuangalia ni kama mwajiri mpya anapeleka michango kweli, na hilo linaulizika.

Hukumu yangu ni kwamba kutafuta na kuondoka ni maamuzi mawili, na waliobaki wanaumia kwa kuyafanya moja. Kutafuta kuanze mara tu baada ya awamu ya kwanza ya kupunguza watu, kwa kila mtu, hata wa Bulyanhulu. Bandu bandu huisha gogo, na awamu ya pili mara nyingi huja ukiwa umechoka kwa kazi za watu watatu, huna nguvu hata ya kuandika wasifu. Watafiti Charlie Trevor na Anthony Nyberg walionyesha mwaka 2008, kwa takwimu za kampuni za Marekani, kwamba kupunguza asilimia moja tu ya wafanyakazi kuliambatana na ongezeko la wastani la asilimia 31 la wanaoacha kazi wenyewe. Wakiondoka hao, ofisi inakuwa si ileile hata kama fedha zitarudi, kwa hiyo aliyeamua kubaki naye aangalie nani bado yupo.

Kuondoka kusubiri mambo matatu: barua ya ajira iliyosainiwa, chanzo cha fedha kisichofanana na cha ofisi unayoiacha, na akiba ya kukuvusha ile miezi sita ya mwanzo. La pili ndilo ningelishikilia kuliko yote. Kwa mtu wa miradi ya afya maana yake ni kutazama hospitali za mashirika ya dini, bima, viwanda vya dawa, halmashauri zinapotangaza nafasi, hata kama mshahara wa kuanzia ni mdogo kuliko ule wa mfadhili. Kushuka mshahara kunatisha mwenye ada za watoto, na simlaumu atakayesema hawezi. Ila na alinganishe na kile anachokipata hasa, baada ya makato ya udhamini na kwa miezi iliyobaki kwenye mkataba.