Simameni, Ketini, Mmehitimu

Kama umewahi kuhudhuria mahafali ya kitivo cha elimu hapa Nairobi, unajua. Wa uzamifu wanaitwa kwa jina, mada ya tasnifu inasomwa, makofi. Sawa, wametoka jasho. Kisha inafika zamu ya shahada ya kwanza, umati mzima wa walimu. Wanaambiwa wasimame, chansela anatamka maneno yake ya mamlaka, ketini. Kwisha.

Shangazi alikuwa amepanda basi la usiku kutoka Kisii, kitenge kipya, na shada la karatasi za kumetameta alilouziwa langoni kwa bei ya kunyonga. Akaninong'oneza, "Sasa jina la mtoto litasomwa saa ngapi?" Limepita, shangazi. Liko kwenye kijitabu, herufi ndogo kama chawa. (Ila uchelewe kurudisha joho la kukodi! Faini ikija, jina lako wanalijua vizuri sana.)

Ati muda wa kusoma majina yote hautoshi. Na wa itifaki unatoka wapi? Kila mgeni anasema itifaki izingatiwe, halafu anaanza kuwataja wakubwa wote upya, mmoja baada ya mwingine, jua la utosi. Hotuba zenyewe ni zile zile: vijana, msingoje ajira, jiajirini. Mnawaambia walimu! Sheria ya TSC (tume ya serikali ya kusajili na kuajiri walimu) ya 2012 inamkataza asiyesajiliwa kufundisha, na hata waliosajiliwa wanangoja kuajiriwa miaka na mikaka. Wajiajiri vipi, wafungue shule kibandani?