Kanyaga, Mama, Samahani

Kigari changu siku hiyo kilisimamishwa na mchanga. Breki hazikuhusika. Nilikanyaga pedeli kwenye kiteremko cha mtaani kwetu Tabata, ikazama taratibu hadi chini na haikuonyesha nia ya kurudi. Mbele kulikuwa na genge la nyanya, na kando yake lundo la mchanga wa jirani yangu, mzee mstaafu anayejenga. Nikachagua mchanga.

Mzee akatoka na msuli wake, akaliangalia lile lundo, akaniangalia mimi. "Ungepiga hodi tu, baba."

Hendibreki ilikuwa nzima, maana yenyewe huvutwa kwa waya na haina habari na mafuta ya breki. Tukakirudisha nyumbani kwa mwendo wa maharusi, mzee akitangulia kuwaondoa watoto njiani. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelowa kwa ndani, na matone yanadondoka.

Vijana wa bodaboda wakaja kutoa hukumu. Wa kwanza: mbwa kakojolea. Mzee akachovya kidole, akanusa, akasema mbwa huyo labda anakunywa mafuta ya breki. Wa pili akashauri nijazie maji ya sabuni nikafanye mizunguko yangu. Wa tatu akasema sabuni ni ushamba, weka oili ya injini.

Bahati nzuri fundi akafika kabla sijashawishika. Ni kijana mpole anayeongea kwa mkato. "Maji yanachemka nyuzi 100. Mafuta ya breki aina ya DOT 3 yakiwa mapya, 205. Breki ikipata moto, maji yanageuka mvuke, unakanyaga hewa. Oili nayo inavimbisha raba zote." Kisha akaingia kazini, na yule wa oili akakumbuka ana abiria.

Akagongagonga dramu ikatoka. Raba za silinda ya gurudumu, ile inayosukuma breki shuu kwa mafuta, zilikuwa zimekwisha, pistoni imeota kutu, breki shuu zimelowa chapachapa. Silinda ilibidi inunuliwe mpya. Breki shuu alitaka kuziunguza kidogo motoni zikauke, na moto wa karibu ulikuwa jiko la mkaa la mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimia kutoka Pangani, na juu yake palikuwa na maharage ya nazi.

"Uchafu huo kwenye jiko langu?" akauliza mama mkwe. Hakupaza sauti. Tukanunua breki shuu mpya. (Na ndivyo inavyotakiwa, zikishanyonya mafuta hazishiki sawasawa tena. Ila mimi sikuitetea sayansi pale, niliogopa mwiko.)

Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki. Utaratibu ni rahisi: mmoja yuko ndani anakanyaga pedeli na kuishikilia, fundi anafungua kinati nyuma ya gurudumu, mafuta na upepo vinatoka, anafunga, ndipo mguu unaachia. Ukiachia kabla hajafunga, upepo unarudi ndani na umefanya kazi ya bure. Mzee akapewa chupa ya kujazia mafuta kule mbele. Mimi nilikuwa nakwenda kukaa ndani, lakini mama mkwe alikuwa ameshakaa. Alichoka kusimama, akasema, na kiti kile ni kizuri.

Sasa mkwe unamwambiaje "kanyaga"?

"Kanyaga!" fundi akapiga kelele kutoka chini.

"Mimi siamrishwi na mtoto aliyelala chali," akasema mama.

Basi nikawa mkalimani wa adabu dirishani. Fundi: "Kanyaga!" Mimi: "Mama, samahani, kama hutojali, naomba ukanyage hicho cha katikati." Fundi, akidhani mguu umeshafika, anafungua kinati. Mama anauliza, "Hiki?" na kukididimiza kwa nguvu zake zote. Mafuta yakamvaa fundi kifuani.

Tukazoeana, mambo yakaanza kwenda. Ndipo simu ikalia. Ilikuwa dada yake mama, kutoka Pangani, na kulikuwa na harusi.

"Kitanda kimekuja, godoro hakuna? Enhe!" Mguu ukaruka, upepo ukaingia. "Mashangazi wakafunga mlango? Safi!" Mguu chini. "Bwana harusi anasema godoro lipo njiani? Njia gani hiyo ya siku mbili?" Chini, juu, chini.

Fundi hakupiga tena kelele. Nilipoinama kumwangalia, alikuwa ametoa kichwa nje ya gari, kinati kikiwa wazi, spana mkononi, ametega sikio. "Godoro wamelipeleka wapi?" akaninong'oneza. Nikageuka kumwambia mzee ajazie, nikamkuta ameshahamia dirisha la pili, chupa imeinama, inaudondokea mlango wangu wa nyuma. Mafuta hayo hula rangi. Alama ipo hadi leo, ingawa nilimwagia maji upesi.

"Kwa mwanamke mwingine?" mama akafoka, akampiga teke bwana harusi kupitia pedeli yangu, mara nyingi, kwa hasira ya haki. Kila teke lilisukuma mafuta mchangani na kila pumzi ilivuta upepo ndani. Mzee alipokumbuka kuchungulia kikopo cha mbele, kilikuwa kikavu.

Na hapo hapo chaji ya simu ikaisha.

Tukanunua chupa nyingine, tukaanza upya, kuanzia gurudumu hilo hilo, maana kwa usukani wa kulia ndilo liko mbali zaidi na masta silinda, pampu inayosukumwa na pedeli, kisha mengine yote. Mama akakanyaga kwa huzuni na nidhamu. Pedeli ikakaza juu, fundi akakijaribu kigari uani, kikasimama pale alipotaka. Nikamlipa, akaondoka.

Usiku, tumeshalala, akanipigia. Nikakurupuka nikijua kuna nati aliyosahau kukaza.

"Kaka, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Mama ameshachaji simu?"